Msikilize Mtangazaji Kwanza

Mteja akishusha redio yake mezani kwangu, simuulizi besi inapiga vipi. Namuuliza kama nyumbani kwake taarifa ya habari inasikika neno kwa neno bila kuongeza sauti. Wengi huguna, kwa sababu hawakuja kwa ajili ya habari. Wamekuja kwa kuwa jirani amenunua sabufa inayotikisa madirisha na ya kwao haitikisi, au homu thieta ya siku nyingi imeanza kukoroma na shemeji amewashauri wanunue amplifaya kubwa zaidi. Mimi nashikilia swali langu. Nimefanya ufundi wa sauti hapa Kariakoo kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na nimeamini kwamba sauti ya mtu anayeongea ndiyo kipimo cha redio ya sebuleni. Mlio wa bomu kwenye filamu unaweza kuwa mbovu kabisa na bado ukakufurahisha. Sauti ya mtu haidanganyiki kirahisi hivyo. Umeizoea tangu hujazaliwa.

Lalamiko ninalolipokea sana ligi zikianza ni hili: "Fundi, mashabiki nawasikia, mtangazaji simsikii." Mwenye redio huwa ameshaamua kwamba king'amuzi kimeharibika. Kumbe mpangilio wa 5.1 una spika tano na sabufa: mbili za mbele, mbili za pembeni au nyuma, na moja ya kati inayokaa chini au juu ya runinga. Ile moja iliyo baada ya nukta ni njia ya mivumo mizito tu, isiyovuka hezi 120. Mpangilio huu ulitoka kwenye majumba ya sinema. Dolby Digital iliingia humo mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns, kisha DVD ikaieneza majumbani. Watengenezaji wa filamu huyaweka maneno ya waigizaji karibu yote kwenye spika ya kati, ili hata aliyekaa pembeni kabisa mwa ukumbi asikie maneno yakitoka kwenye picha, si kwenye ukuta ulio ubavuni pake. Mpira unaorushwa kwa 5.1 hufuata desturi hiyohiyo: kelele za uwanja zinakuzunguka, mtangazaji anakaa katikati. Spika ya kati ikinyamaza, uwanja unabaki na mtangazaji anaondoka.

Na spika ya kati ndiyo inayoonewa kuliko zote nyumbani. Imesukumwa ndani kabisa ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna chombo cha maua. Wakati wa kuhama, plagi yake ilichomekwa kwenye tundu la spika ya nyuma. Au mtoto alichezea menyu, na amplifaya ikaambiwa kwamba spika ya kati haipo. Fundi asiyeuliza atafungua mashine. Mimi naanza na rimoti, kwa sababu homu thieta karibu zote zina mlio wa majaribio ndani ya menyu, sauti ya "shhh" inayozunguka spika moja baada ya nyingine. Mlio huo ukitoka mahali pake kwa nguvu inayolingana, tatizo halipo kwenye spika wala kwenye mashine. Basi narudi kwenye kinachoingia: king'amuzi, runinga au waya wa kati yao.

Hapo kwenye kinachoingia siku hizi ndipo penye kazi nyingi kuliko ndani ya mashine. Runinga nyingi mpya hazina tena matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Zina HDMI, na moja yake imeandikwa ARC, njia iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009 ili runinga iweze kuirudisha sauti kwenye amplifaya kwa waya uleule. Nyingi zina pia tundu la mwanga. Mwenye redio ya zamani hununua kiboksi kidogo cha kugeuza mwanga uwe sauti ya waya mwekundu na mweupe, akakichomeka, akaambulia ukimya au mkwaruzo. Kiboksi ni kizima. Viboksi vingi vya bei nafuu havielewi Dolby. Vinaelewa PCM tu. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, badilisha Dolby au "auto" iwe PCM, na redio itaongea. Marekebisho hayo huchukua muda mfupi kuliko kufungua skrubu moja.

Kuna ugonjwa mwingine wa sauti ya mtu, nao hunichekesha kila ukija. Dada mmoja aliniletea sabufa akasema inapiga muziki bila mwimbaji: ngoma zipo, gitaa lipo, mwimbaji yuko mbali kama amejifungia chooni. Sikuifungua, niliushika waya unaoiunganisha na simu. Waya wa jeki ya simu una njia tatu: ya kushoto, ya kulia na ya pamoja. Ile ya pamoja ikikatika ndani ya mpira, au jeki isipozama yote kwa sababu kava la simu limeizuia, amplifaya hupokea tofauti iliyopo kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa kwa kiwango sawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri, anajifuta mwenyewe. Vyombo vilivyowekwa upande mmoja vinabaki. Waya mpya ulimrudisha mwimbaji palepale mezani.

Ndugu wa ugonjwa huo ni waya wa spika uliogeuzwa. Chanya ya spika ya kushoto ikiingia kwenye hasi, koni yake hurudi ndani wakati ya kulia inatoka nje. Besi inatoweka katikati ya chumba, na mtu anayeongea anasikika kila mahali na wakati huohuo hayupo popote. Dawa yake ni betri ya tochi ya volti 1.5. Gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika na hasi kwenye hasi, kwa kitambo kidogo tu. Koni ikiruka nje, rangi za waya zinasema kweli. Ikirudi ndani, waya umegeuzwa mahali fulani, pengine na fundi aliyepita kabla yangu. Jaribio hili ni la sabufa na spika za sauti ya kati. Twita usiiguse hivyo, kwa sababu koili yake ni nyembamba.

Nasisitiza habari ya katikati kwa sababu ya vitu ambavyo sisi tunavitazama. Filamu za kutafsiriwa, zile alizozivumisha mtafsiri Lufufu na waliomfuata, zina sauti ya mtafsiri iliyowekwa juu ya filamu, sawasawa kushoto na kulia. Amplifaya yenye Pro Logic hukikusanya kila kilicho sawa pande zote mbili na kukipeleka spika ya kati. Redio ambayo spika yake ya kati ni mbovu humla mtafsiri, na watazamaji hubaki na milio ya bunduki ambayo hakuna wa kuwaeleza. Kama huna spika nzima ya kati, zima mpangilio huo kwenye menyu na usikilize kwa spika mbili za mbele. Spika mbili zinazoongea vizuri ni bora kuliko tano zinazogombana.

Baada ya hapo ndipo nagusa umeme. Homu thieta inayowaka, ikaandika "protect", ikazima, imewatia hasara watu wengi, maana huambiwa IC imeungua. Huenda kweli imeungua. Lakini kwanza chomoa spika zote nyuma ya mashine, uiwashe ikiwa tupu. Ikikaa hewani, ubovu uko nje. Zima, rudisha spika moja, washa; zima, rudisha nyingine, hadi itakapojikata tena. Mara nyingi mwisho wa safari nakuta unyuzi mmoja wa waya, mwembamba kama kope, umechomoza kutoka tundu jekundu na kugusa jeusi. Mashine ilikuwa inajilinda, na ilifanya vyema. Ikijikata hata ikiwa tupu, hapo ndipo ninapochukua bisibisi.

Spika yenyewe naipima kwa mita. Iliyoandikwa ohmu 8 husoma 6 hivi, kwa sababu mita hupima waya wa koili tu, si spika inayofanya kazi. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeungana. Isiposoma kabisa, koili imekatika, na hapa vijana wengi hukosea. Twita huwa na kapasita mbele yake ya kuzuia besi isiipite. Kapasita ya maikrofaradi 4.7 mbele ya twita ya ohmu 8 huanza kuachia sauti kwenye hezi 4,200 hivi kwenda juu. Mita hutumia umeme usiobadilika, na kapasita haipitishi umeme huo. Ukipimia nje ya kapasita, twita nzima itasoma imekufa. Pima kwenye miguu ya twita yenyewe ndipo useme.

Mkoromo nao una utaratibu. Chomoa waya wa sauti unaoingia, acha mashine imewaka. Mkoromo ukiisha, unatoka nje, na mshukiwa wa kwanza ni waya wa dishi: dishi limeshika ardhi kwa nguzo yake, redio imeshika ardhi kwa plagi yake, na kati ya ardhi hizo mbili umeme mdogo hutembea kupitia waya wa sauti. Chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi uhakikishe. Mkoromo ukibaki hata baada ya kuchomoa kila kitu, basi uko ndani, na aghalabu ni kapasita kubwa za kusafisha umeme. Vichwa vyake hufura, nyingine huvuja. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kapasita hizo zikichoka, mvumo wake huwa wa hezi 100, juu zaidi kuliko ule wa ardhi. Sikio lililozoea hutofautisha. Jambo moja nalikataa hata mteja akinisihi: kukata mguu wa ardhi kwenye plagi ili mkoromo uishe. Mkoromo utaisha, na siku transfoma ikivuja, bati la redio litamshika mtoto.

Sasa tufike kwenye wati, maana ndizo zinazouza maboksi. Boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO. PMPO haina kipimo kinachokubalika; kila mchapaji huandika namba inayompendeza. Mimi naigeuza mashine nisome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme, panapoandikwa inakula wati ngapi. Nakuta 60, nakuta 80. Kibandiko hicho nacho si kipimo kamili, lakini hakuna mashine inayotoa mfululizo zaidi ya inachokula. Nikifungua sabufa ndogo za namna hiyo, mara kwa mara nakutana na IC ya TDA2030, ambayo karatasi ya kiwanda inaipa wati 14 kwenye spika ya ohmu 4. Wati 14 si aibu. Kwenye chumba cha kawaida, spika nzuri ikipewa wati chache tu, mtu na mkewe hawawezi tena kuzungumza.

Watu hawaamini nikisema hivyo, kwa hiyo nawaeleza hesabu. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3, tofauti ambayo mgeni aliyekaa sebuleni huenda asiitambue. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara 10. Kinyume chake, angalia namba ya desibeli nyuma ya spika yenyewe, ile inayosema inatoa kiasi gani ikipewa wati 1 na kusikilizwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 92 ikilinganishwa na ya 86 imekupa desibeli 6 za bure. Ili spika ile ya 86 iifikie, amplifaya lazima iwe na nguvu mara nne. Anayetaka sauti kubwa kwa pesa ndogo anunue spika inayotii, si amplifaya inayofoka.

Namba hizi ndizo zinazoua twita. Mwenye mashine ya wati 14 akiamini anazo elfu kumi, huifungua hadi mwisho. Amplifaya ikifika kikomo chake hukata vichwa vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa hutoa milio mingi ya juu ambayo haikuwemo kwenye wimbo. Milio hiyo inaishia kwenye twita, na koili yake inaungua. Singeli ikipigwa hivyo usiku kucha kwenye shughuli, asubuhi naletewa twita zenye harufu ya varnishi. Dalili ya kwanza husikika mapema kwenye sauti ya mtu: herufi za "s" na "sh" zinaanza kuwaka, mwimbaji anakuwa mkali masikioni. Ukisikia hivyo, punguza. Mashine imekwambia imefika.

Kabla hujanunua chochote, kagua waya. Ule mwembamba unaokuja kwenye boksi, wa milimita za mraba 0.3 hivi, ukiupitisha mita 10 pembezoni mwa chumba hadi spika ya nyuma, kwenda na kurudi ni mita 20, na upinzani wake unazidi ohmu 1. Spika za homu thieta nyingi za boksi ni za ohmu 3. Maana yake zaidi ya robo ya nguvu inapashia moto waya. Ukiweka wa milimita za mraba 1.5, upinzani unashuka hadi ohmu 0.23, na hapo hakuna cha kulalamikia. Angalia pia usiuziwe alminiamu iliyopakwa shaba. Ikwangue kwa kisu: ikitoa weupe, si shaba tupu, na inapinga umeme zaidi. Inaweza kutumika, lakini iwe nene zaidi, na isiuzwe kwa bei ya shaba.

Kisha hamisha spika. Nyumba zetu za matofali ya saruji, vigae sakafuni na jipsamu juu, hurudisha sauti kutoka kila upande. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, hata redio ya gharama gani itasikika imevurugika humo. Mapazia mazito, zulia na sofa za kitambaa husaidia maneno kuliko amplifaya mpya. Spika za mbele ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa. Watu wengi hutundika zote tano karibu na dari ili watoto wasizifikie; basi angalau ziinamishe zimtazame msikilizaji. Spika ya kati itoe hadi ukingo wa meza, usiiache ndani ya kabati. Za pembeni zikae ubavuni, zimerudi nyuma kidogo ya kochi.

Sabufa ndiyo yenye utundu. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba cha urefu wa mita 4 hukuza mvumo wa hezi 43 mahali pengine na kuufuta mahali pengine. Ndiyo maana baba kwenye kiti chake anasema besi haipo, na mama aliye mlangoni anasema imezidi. Wote wawili wanasema kweli. Njia ninayoitumia ni hii: naiweka sabufa kwenye kochi, pale anapokaa mwenye nyumba, napiga wimbo wenye besi inayotembea, kisha nazunguka chumba nikiwa nimeinama karibu na sakafu. Pale ambapo besi inasikika sawasawa, bila noti moja kupiga kelele kuliko nyingine, ndipo sabufa inapohamia. Kona huongeza nguvu na pia huongeza uzito wa sauti za wanaume, kila neno likawa na mwangwi tumboni. Nikimaliza naweka mtangazaji wa kiume. Akisikika kana kwamba anaongea ndani ya pipa, napunguza sabufa hadi atoke.

Hayo yote yakishafanyika na bado mtu anataka kuboresha, tunaweza kuzungumza pesa. Homu thieta ya boksi ina plagi zake za pekee na spika za ohmu 3, nayo ilitengenezwa iishi peke yake. Usichukue spika zake ukazifunga kwenye amplifaya inayotaka ohmu 6 au 8; itachemka, na usipokuwa na bahati itaungua. Kinyume chake ni salama. Spika za ohmu 8 zikifungwa kwenye mashine ya ohmu 3 zitapokea zaidi kidogo ya theluthi ya nguvu, na kama zina desibeli nyingi huenda usione upungufu. Mimi hushauri kuanza na spika ya kati pamoja na mbili za mbele, zikiwa za familia moja, ili mwigizaji akitembea kutoka kushoto kwenda kulia sauti yake isibadilike njiani. Sabufa ifuate. Amplifaya iwe ya mwisho. Madukani utashauriwa kinyume, kwa sababu amplifaya ndiyo yenye taa.

Vifaa vilivyotumika ni njia nzuri kwa mwenye subira. Zanzibar na hapa Kariakoo hushuka spika kutoka Uingereza na Dubai ambazo zikiwa mpya mimi na wewe tusingezigusa. Spika tupu haina mgogoro wa umeme. Amplifaya ndiyo ya kuangalia: iliyotoka Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni ya 100, na soketi zetu ni 230. Ikichomekwa bila transfoma ya kushusha, muuzaji na mnunuzi watausikia mlio mmoja tu. Kwenye spika, bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa pande zote. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Tazama na pindo linalozunguka koni. La sponji hulika kwa miaka, na joto na unyevu wa pwani huliharakisha. Ukiligusa linabaki kidoleni. La raba hudumu zaidi.

Pindo likilika usitupe spika. Tunavua la zamani, tunasafisha gundi, tunapachika jipya. Ugumu uko kwenye kuipanga koili isiguse sumaku. Tunatoa kofia ya katikati, tunachomeka vipande vyembamba vya filamu ya eksrei kuizunguka koili ili ikae katikati, tunapaka gundi na kuacha ikauke bila haraka. Ukivuta vipande kabla ya wakati, spika itakwaruza maisha yake yote. Spika nzuri ya zamani iliyofanyiwa hivi huzishinda nyingi mpya za bei yake.

Kuhusu umeme unaokatika na kurudi, ushauri wangu ni mfupi. Ukikatika, chomoa. Unaporudi mara nyingi huja na mruko, na vifaa vya jirani vyote huamka kwa pamoja. Kifaa cha kulinda kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita ni nafuu kuliko IC na siku zangu za kazi.

Limebaki la malipo. Wateja wetu wamezoea kulipia kifaa. Nikibadilisha kapasita, wananilipa bila ubishi, kwa sababu ile ya zamani nawakabidhi mkononi. Nikigeuza waya, nikavuta spika ya kati ukingoni na kuweka PCM kwenye runinga, redio ikaongea kuliko siku iliyonunuliwa, wanauliza: "Sasa fundi, umefanya nini hapo?" Swali hilo ndilo linalowafanya mafundi wengine wafungue mashine nzima, wabadilishe kitu kisichohitaji kubadilishwa, ili wawe na cha kukabidhi. Mimi nimeamua kutenganisha. Kwenye karatasi ya bei iliyobandikwa ukutani, mstari wa kwanza ni kupima na kusikiliza, na una bei yake hata kama hakuna skrubu iliyofunguliwa. Anayenibishia namwambia alinganishe bei hiyo na ya amplifaya aliyokuwa anaelekea kuinunua, halafu aamue kama amepunjwa.